Niliifutia Hospitali Msamaha wa Ushuru

Kama hukupata gazeti la wiki iliyopita, hujapitwa na jambo lolote zuri. Naitwa Donatus Maganga. Mimi ni afisa mapato wa halmashauri moja huku Geita, kwenye ukanda wa dhahabu. Baba yangu, Mzee Maganga, alifia katika hospitali ya masista ya Mwabulenga, na maiti yake ikakaa mochwari siku nne.

Kaka yangu Adam ndiye aliyekuwa akifuatilia mambo ya hospitali. Alirudi nyumbani akatuambia masista wameizuia maiti mpaka deni la matibabu liishe. Tukauza madume mawili ya ng'ombe, Adam akaenda na fedha, baba akatoka, tukazika. Siku ile niliapa kwamba masista wale watanitambua.

Miaka miwili baadaye faili la hospitali ileile likatua mezani kwangu. Walikuwa wanaomba waendelee kusamehewa ushuru wa halmashauri, kwa hoja kwamba hawafanyi biashara. Wiki iliyopita niliishia pale nilipoingia getini kwao kukagua, na jibu nilikuwa nalo kichwani kabla sijafungua kalamu.

Sista Violeth, msimamizi wa hospitali, alinipokea mwenyewe. Mama mfupi, mtu mzima wa miaka sitini hivi, viatu vya mpira. Nikamwambia Tumsifu Yesu Kristo, akaitikia Milele amina, kisha akaniuliza Mama Adam hajambo. Mama Adam ni mama yangu. Nilikereka. Mtu aliyeizuia maiti ya mume ana ujasiri gani wa kumuulizia mjane?

Nilizunguka naye hospitali nzima. Kila nilichokiona niliandika. Gari jipya la wagonjwa. Nyumba ya wageni ya vyumba sita. Duka la dawa lenye rafu zilizojaa. Sista alikuwa akinieleza hili limetoka kwa wafadhili, lile linalipia mishahara, na mimi nilikuwa naitikia mhu, mhu, huku sisikii.

Mwisho nikamwambia kuna zahanati ya mtu binafsi barabarani inatibu watu kama wao, na inatulipa ushuru kila robo mwaka bila kelele. Kwa nini wao wasilipe?

"Mwenye zahanati ile akibakiwa na kitu anajenga gesti," alisema. "Sisi tukibakiwa tunanunua nyuzi za kushonea. Mkichukua hicho kinachobaki, Donatus, mimi sitapungukiwa. Nitachagua mgonjwa mmoja nimwambie hapana. Njoo siku hiyo unisaidie kuchagua."

Nilimwambia hayo ni maneno ya mimbarani, mimi nimekuja na sheria ndogo za halmashauri.

Mlango wa mwisho ulikuwa na kufuli. Nikataka ufunguliwe. Sista akasita kidogo, na kule kusita kwake kukanifurahisha, nikajua nimepata.

Ndani kulikuwa na stoo ya ajabu. Baiskeli zimepangwa ukutani kama dukani. Plau za kukokotwa na ng'ombe, saba au nane. Majembe, redio, cherehani mbili, magunia mawili ya mawe ya dhahabu ambayo hayajasagwa. Kila kitu kimefungwa kikaratasi chenye jina la mtu na jina la kijiji.

Nikauliza hivi ni vya nani.

"Vya wagonjwa," alisema. "Wewe ni Msukuma, utanielewa. Mwambie Msukuma mkewe atatibiwa bure, atakushukuru, na mtoto akiugua tena hatamleta. Ataona haya kuja mara ya pili mikono mitupu. Kwa hiyo anaacha kitu. Akivuna pamba au mpunga anakuja kukichukua na chochote alichojaliwa, na asipojaliwa anakichukua vilevile. Hatujawahi kuuza hata jembe."

Kisha akaniambia jambo la pili. Kila nyumba iliyoacha kitu stoo huleta pia mtu mmoja mwenye afya kutoa damu. Hakuwaamrisha, walianza wenyewe. Friji ya damu ya hospitali ilikuwa inajazwa na watu wa chumba kile.

Ndugu msomaji, nilielewa kila neno. Nimezaliwa kijiji cha Ibambala, kilomita kumi na nne kutoka pale. Babu yangu asingekubali kutibiwa bure hata kwa bunduki. Wewe unaweza kumsamehe mtu aliyetumwa kutoka mbali, akaona plau zimefungiwa na akadhani ni duka la rehani. Mimi sikudhani.

Nilirudi ofisini nikaandika sentensi mbili: "Hospitali inaendesha biashara ya kukopesha kwa rehani. Mali iliyomo stoo ni mali ya hospitali." Nikapiga muhuri.

Baraza la madiwani lilikaa Alhamisi. Diwani Rhoda, mwalimu mstaafu, alisimama akasema hospitali isiyogawana faida ni mkono wa halmashauri wenyewe, na kuitoza ni sawa na mtu kujikata kidole ili apate nyama. Akasema tukiwatoza, atakayelipa ni mgonjwa. Watu wakapiga meza.

Akasimama Mwita, diwani wa kata ya machimbo, mtu wa Tarime aliyekuja kuchimba akabaki kufanya biashara ya mbao. Sauti yake haihitaji kipaza.

"Kata yangu ina zahanati yenye kuta bila paa, mwaka wa tano," alisema. "Mama anajifungua juu ya pikipiki ya toyo. Nikiomba mabati naambiwa mapato hayatoshi. Barabara inayopeleka wagonjwa Mwabulenga tunachonga sisi. Kila mwenye gari zuri hapa akisema yeye ni wa Mungu asamehewe, mabati yangu yatatoka kwa nani? Kwa muuza nyanya?"

Mpaka leo nakiri hoja ya Mwita haikuwa ya kijinga. Watu waaminifu wanaweza kubishana juu yake mpaka jua lizame. Lakini hawakubishana. Mwenyekiti alisoma ripoti yangu, alipofika kwenye neno rehani ukumbi ukaguna, na Rhoda mwenyewe akakaa chini. Msamaha ukafutwa, masista wakatakiwa walipe na ushuru wa miaka ya nyuma.

Jioni ile nilikula mbuzi wa kuchoma. Nilimpigia Adam aliyekuwa machimboni, kwenye rashi mpya upande wa Ushetu, huko watu walikokimbilia baada ya kusikia dhahabu imetoka. Nikamwambia nimelipa kisasi cha baba. Adam akasema achana na mambo hayo, mdogo wangu. Nilidhani ni upole.

Sista aliomba muda wa miezi mitatu wa kulipa. Mimi ndiye niliyemshauri mkurugenzi asimpe. Nikasema tusiguse vitanda wala dawa, watu watapiga kelele. Tuchukue vilivyomo stoo.

Tukapeleka dalali wa mnada. Gulio la Jumamosi, saa nne asubuhi, baiskeli za wagonjwa zikaanza kuuzwa mbele ya wenyewe.

Mtu mmoja, Januari, mkulima wa kijijini kwetu, aliona baiskeli yake. Hakupiga kelele. Alikwenda akaishika kwenye tandiko, akasimama nayo kama anayesubiri foleni. Dalali akamwambia aachie. Akasema ni yake, ameiacha kwa sababu ya uzazi wa mkewe, na tumbaku ikiuzwa anakuja kuichukua. Dalali akanitazama mimi.

"Karatasi zinasema ni ya hospitali," nikamwambia Januari.

"Karatasi aliandika nani?"

Mgambo wakamwondoa. Baiskeli ikachukuliwa na mfanyabiashara wa Katoro, plau zote zikachukuliwa na mtu mmoja kwa mkupuo. Kabla ya saa saba stoo nzima ilikuwa imeisha.

Sasa, kwa asiyetujua, huku kwetu serikali ipo na sungusungu wapo. Sungusungu ni ulinzi wa kijiji, na kila nyumba imo. Kwao kuna adhabu moja ambayo hata jela watu wanaona afadhali. Wanakutenga. Hakuna wa kukusalimia, kukuuzia chumvi, kukukopesha moto, kukuchotea maji. Anayekusaidia anatengwa na yeye. Na hawamtengi mtu peke yake, wanaitenga nyumba.

Vitu vingi vilivyouzwa vilikuwa vya watu wa Ibambala. Mwano ukapigwa, ule ukelele wa kuita watu wote, na kijiji kikakutana, kikaitenga nyumba ya Maganga. Mimi naishi mjini, kwenye umeme na maji ya bomba. Mke wangu Zipora alishaondoka na watoto kwenda kwao Chato, kwa ugomvi wetu niliousimulia wiki ile ya kwanza. Nyumba ya Maganga iliyobaki kijijini ilikuwa na mtu mmoja tu, mama yangu Limi, mwenye miaka sabini na mitatu.

Nilikwenda kumchukua. Alikataa. Alisema hawezi kuacha kaburi la mumewe, na kwamba mtu akitoka kwenye adhabu kwa kukimbia, hatoki. Akanipa viazi vitamu nile. Njiani kurudi nilipishana na watu niliosoma nao, wakatazama pembeni.

Wiki ya tano ya kutengwa, mama alikwenda kisimani na ndoo, peke yake, kwa sababu yule binti wa jirani aliyekuwa akimchotea alikatazwa. Aliteleza kwenye zege la kisima. Akalala pale tangu asubuhi. Watu wakaja, wakachota maji, wakaondoka. Mmoja wao, na mpaka leo sijui ni nani, alinipigia simu kwa namba nisiyoijua, akasema, "Mama yako yuko chini kisimani," akakata.

Nilifika na gari la kukodi saa sita na nusu. Hakuna aliyenisaidia kumbeba. Mimi na dereva tulimnyanyua kwa kanga, paja limevimba na mguu umegeukia nje. Alikuwa ameuma kitambaa cha kichwani. Dereva, mgeni wa Shinyanga mjini asiyejua habari zetu, aliniuliza hawa watu wana nini. Nikamwambia aendeshe.

Hospitali ya karibu ilikuwa moja tu. Unaijua.

Daktari alitoka chumba cha picha akasema mfupa wa paja umevunjika vibaya na unavuja damu kwa ndani. Damu ya mama ilishuka sana. Lazima aongezewe kabla ya kumgusa, na bila damu hata safari ya Mwanza hamalizi, atafia njiani. Nikamwambia muongezeeni.

"Friji ni tupu," alisema. "Tangu mnada hakuna aliyekuja kutoa."

Walikuwa wamepiga simu hospitali ya wilaya na ya mkoa. Wangeleta kesho mchana. Nikauliza mama ana muda gani. Akasema kesho mchana ni mbali.

Nikakunja shati. Nesi aitwaye Rebeka alinitoboa kidole, akapima, akarudi na sura ya mtu mwenye habari. Nina maambukizi ya homa ya ini. Sikuwa najua. Akasema damu yangu haifai kupewa mtu, akaniambia nirudi siku nyingine nianze kliniki. Msiba huleta msiba mwenziwe, nami sikuwa na nafasi hata ya kuushangaa huu wa pili.

Nikampigia Adam. Simu haipatikani. Yumo shimoni, nikajisemea.

Sista Violeth alinikuta kwenye benchi la korido. Akakaa. Mimi, badala ya kuomba radhi, hasira ikanipanda. Nikamwambia najua mnachosubiri. Mama akifa mtaizuia maiti yake kama mlivyoizuia ya baba, na safari hii sina ng'ombe.

Akanigeukia taratibu. "Nani aliizuia maiti ya baba yako?"

"Siku nne, Sista. Mpaka tukauza madume."

"Baba yako aliacha plau hapa alipolazwa," alisema. "Nilimwambia mzee, huhitaji kuacha kitu. Akasema basi sitalala kitanda chenu. Alipofariki nikamwita kaka yako, nikamwambia deni tumelifuta, chukua mzee wenu na chukua plau. Akasema tumtunzie maiti kwanza, ndugu wako mbali. Akaja siku ya nne akasaini. Plau hakuichukua. Sikupokea hata shilingi."

Nikamwambia si kweli. Hakubishana. Alikwenda ofisini akarudi na daftari la mochwari, akanionyesha. Saini ya Adam naijua, ina mkia mrefu. Na juu yake kwa maandishi ya Sista: ametolewa bila malipo.

Adam alituambia plau ya baba iliibwa. Ilikuwa ndani ya stoo ile. Niliipita siku ya ukaguzi bila kusoma kikaratasi chake, maana plau zote zinafanana. Niliiuza kwenye gulio pamoja na nyingine, kwa mkupuo.

Madume mawili. Mwezi uleule baada ya mazishi Adam alinunua hisa kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, na tulipomuuliza mtaji umetoka wapi alisema amekopeshwa na rafiki. Tulimpongeza.

Nikaingia wodini. Mama alikuwa amelala macho wazi, midomo imekauka, rangi imempotea. Nikainama nikamwambia polepole niliyoyasikia. Nilitaka kumwandaa kwa uchungu wa mtoto wake kumwibia baba yake. Niliona hashtuki.

"Mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma chetu, "ulijua?"

"Aliniambia mwenyewe," alisema. "Mwezi uleule. Alilia. Alisema duara likitema dhahabu atarudisha ng'ombe wanne."

"Na mimi nikaapa mbele yako. Ukaniacha niwachukie watu hawa miaka miwili."

Alifumba macho. "Masista wana Mungu wa kuwatetea," alisema. "Adam ana nani? Ningekuambia, mngeuana."

Nilimpenda na nilitaka kumtikisa. Nilitoka nje.

Kisha nikafanya lile ambalo ningelifanya wiki tano nyuma kama ningekuwa mwanaume. Nilimpigia Bujiku, kamanda wa sungusungu wa Ibambala. Nikamwambia nataka kusema yote mbele ya kijiji, nataka kutolewa kwenye adhabu, na mama anahitaji damu leo. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika na neno yote. Nikasema ninayo.

Walifika saa tisa na nusu, watu kumi na mmoja kwa pikipiki nne. Januari alikuwemo. Sista alitufungulia ile stoo, sasa ni chumba kitupu chenye alama za matairi ukutani. Tukakaa sakafuni. Utaratibu wao ni mmoja: aliyekosa anasimama, anasema, haulizwi kitu mpaka amalize. Akificha hata kidogo na ikajulikana, adhabu inaanza upya.

Nikasimama. Nikasema nilijua vitu ni vyao na nikaandika ni vya hospitali. Nikasema ni mimi niliyeshauri mnada. Nikasema nitaandika barua kwa baraza nikanushe ripoti yangu, hata kama ni kazi, hata kama ni jela. Nikamtazama Januari nikamwomba radhi. Akatikisa kichwa kidogo, sikujua ni ndiyo au ni hapana.

Bujiku ni mzee mkavu, haongezi neno lisilo na kazi.

"Ng'wana Maganga," alisema, yaani mwana wa Maganga, "hilo ni tawi. Tunataka shina. Ulikuwa mtoto mwema, tulikusomesha kwa mchango. Chuki hii uliipata wapi?"

Nikasema niliambiwa masista wameizuia maiti ya baba, na sasa nimejua ni uongo.

"Nani alikuambia?"

Nilijua kinachofuata. Kwa watu wetu, anayekula fedha za kumtoa baba yake mochwari hawezi kutengwa tu. Miaka michache nyuma kijiji cha jirani kilimpata mtu wa namna hiyo. Alirudishwa kwao amefunikwa turubai. Polisi walikuja, hakuna aliyekuwa ameona kitu.

Nikasema nilisikia tu, maneno ya watu msibani. Bujiku akainuka, akapangusa suruali.

"Twendeni," aliwaambia wenzake.

Walifika mlangoni. Rebeka alikuwa akija mbio koridoni, akaniambia daktari ananiita, shinikizo la damu la mama linashuka.

"Adam," nikasema.

Bujiku akageuka.

"Kaka yangu Adam. Fedha za ng'ombe alizipeleka kwenye duara."

"Yuko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Nimelifikiria hilo kila siku tangu wakati ule. Lakini Bujiku alishaniuliza mara mbili juu ya neno yote, na nilishaona jinsi alivyoinuka. Nikamtajia rashi, nikamtajia na jina la mwenye duara.

Bujiku alinisogelea, akanipa mkono. Mtu wa kwanza wa Ibambala kunishika mkono baada ya wiki tano. Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, ng'wana Maganga. Umetoka." Wote wakanipa mkono mmoja mmoja, Januari wa mwisho. Kisha wakagawanyika. Saba wakaingia maabara wakikunja mikono ya mashati. Wanne wakawasha pikipiki mbili na kushika barabara ya Kahama, inayokwenda Ushetu.

Nikampigia Adam mara sita nikiwa nimesimama getini. Haipatikani. Nikamtumia ujumbe: Kimbia. Ukakaa na alama moja ya kutumwa, haukufika.

Niliporudi wodini mama alikuwa amepoa mikono, lakini akili yake ilikuwa kamili. Nikamwambia watu wa nyumbani wamekuja, wametusamehe, wanatoa damu sasa hivi.

"Bujiku amekubali?"

"Amekubali, mayu."

"Umempa nini?"

Nikasema nimeomba radhi. Akanitazama. Mama aliyekuzaa hahitaji kukuuliza mara mbili. Nje pikipiki za wale wanne zilikuwa zimeshapotelea mbali, lakini naamini alikuwa amezisikia zikiwashwa, na alijua kijijini kwetu pikipiki zikiwashwa wakati wengine wanatolewa damu, zinakwenda mahali.

Rebeka akaingia na mfuko wa kwanza. Damu ya Januari, ilikuwa imelingana. Akautundika, akatafuta mkono wa mama.

Mama akaukunja mkono kifuani, akaufunika na wa pili.

Rebeka akamwambia bibi, nyoosha, ni kidogo tu. Mama akasema hataki. Nikapiga magoti. Nilimwambia maneno yote ambayo mtoto anaweza kumwambia mzazi. Nikamwambia Adam ana miguu, atakimbia, yeye mama hana hata saa mbili.

"Irudisheni," alisema kwa Kiswahili, ili Rebeka aelewe. "Hiyo ni damu ya Adam."

Daktari akaitwa. Akamweleza, akamuuliza mara tatu kama anaelewa kwamba atakufa. Mama akajibu mara tatu kwamba anaelewa. Sista Violeth akajaribu kwa upole wake, mama akamshukuru kwa kumtunza mzee Maganga siku zile, akageuzia uso ukutani.

Daktari akanitoa pembeni. Akasema yeye hawezi kumlazimisha mgonjwa mwenye fahamu zake. Akipoteza fahamu, ndugu wa karibu anaweza kusaini kwa niaba yake, na kwa jinsi damu inavyoshuka, hilo halichelewi. Tatizo ni kwamba kati ya kuzirai na kufa kunaweza kukawa na dakika chache tu.

Akanipa fomu na kalamu. Nikavuta stuli karibu na kitanda cha mama yangu, nikakaa kumsubiri azirai.